Bando linaisha kabla ya saa tano, na nyumbani kila mtu anakana

Shikamoo Bibi,

Naomba unisaidie kabla sijamvunjia mtu heshima. Mimi ni mama wa miaka 38, nakaa Tabata, nyumba ya kupanga. Ndani tuko saba: mimi na mume wangu, binti wa kidato cha tatu, wa kiume wa darasa la sita, kitinda mimba wa miaka minne, wifi yangu anayesoma chuo mwaka wa pili, na dada wa kazi.

Mume wangu ni fundi wa friji na viyoyozi. Wateja wanampigia, yeye anawafuata walipo. Mimi nauza vitenge na mashuka kwa simu. Sina fremu. Fremu yangu ni stetasi ya WhatsApp na kundi la wateja mia mbili na kitu. Mzigo nachukua Kariakoo, napiga picha, narusha, wanachagua, namtuma bodaboda. Kwa hiyo bando kwangu si starehe. Likikata, nimefunga duka.

Mwezi uliopita nilianza kuandika kila shilingi niliyotoa kujiunga bando. Changu peke yangu kimefika 58,000. Umeme wa LUKU mwezi huo huo ni 41,000. Bibi, tuna friji, pasi na feni tatu, halafu simu moja imekula kuliko vyote hivyo!

Jumamosi ya juzi ndiyo iliyonileta kwako. Saa moja asubuhi nilijiunga bando la wiki la 15,000, GB 7. Simu nikaiacha chaji chumbani, hotspoti imewashwa kama kawaida, ili mtoto aangalie katuni kwenye televisheni mpya na dada apate nafasi ya kufua. Wifi alikuwa sebuleni na kompyuta yake, anasema anaandika kazi ya chuo. Nikaenda sokoni Buguruni. Narudi saa tano kasoro nakuta ujumbe wa kwanza, umetumia asilimia 75, na chini yake wa pili, kifurushi chako kimekwisha. Na mzigo mpya sijarusha hata kitenge kimoja.

Nikauliza. Wifi anasema alikuwa anaandika tu, na kuandika hakuli bando. Binti alikuwa amelala. Wa darasa la sita alikuwa nje na mpira. Nikabaki na dada. Nilimfokea Bibi, kwamba nikitoka anachukua simu yangu anaongea na kwao Singida kwa video. Akalia. Anasema yeye ana kitochi chake, na simu yangu hajui hata kuifungua. Sikumwamini, na mpaka leo hatuongei vizuri.

Usiku nikabadilisha nywila ya hotspoti. Kesho yake wifi akamwambia kaka yake kwamba namnyima mtandao wa kusomea. Mume akaniambia nina roho ndogo. Tangu hapo anampa mdogo wake buku kila siku, anadhani sijui. Bando lake mwenyewe sijui ni kiasi gani, nikimuuliza anasema hilo ni la kazi.

Sasa kuna wakala kapita mtaani, anafunga intaneti ya nyumbani na ruta yake, 70,000 kwa mwezi bila kikomo. Mume anasema hatuwezi kuweka gharama juu ya gharama. Na jirani wa ukuta wa pili ruta anayo tayari, anasema tukimpa 15,000 kwa mwezi atatupa nywila. Mimi moyo unaenda kwa jirani. Unanishaurije? Na binti nimemkuta mara mbili na simu saa saba usiku chini ya shuka. Nimnyang'anye?

La mwisho ni dogo tu. Mama mkwe yuko Handeni, anatumia laini niliyomsajilia mimi kwa kidole changu, wakati ule wa laini kufungiwa. Wiki hii kaniambia anapokea ujumbe wa deni asilolijua. Nimemwambia apuuze. Nimefanya sawa?

Mama Vitenge, Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilichanganya wifi wa kwenu na waifai ya jirani. Sasa nimeshajua nani ni nani.

Naanza na la mwisho, hilo uliloliita dogo. Hapana, hukufanya sawa. Laini aliyonayo mama mkwe haina jina lake, ina jina lako. Deni likiwa la kweli, kwenye mtambo anayedaiwa ni wewe. Na laini hiyo ikija kutumika kumtapeli mtu, askari hawataanzia Handeni, wataanzia Tabata.

Kusajili kwenyewe sikulaumu. Nazikumbuka siku zile. Laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilikuwa zizimwe Desemba 31, 2019, zikasogezwa hadi Januari 20, 2020, na foleni za NIDA, wanaotoa kitambulisho cha taifa, zikaanza kupangwa kabla jogoo hajawika. Wazee wengi namba zao hazikuwa zimetoka. Wengine mashine iliwakataa, vidole vimeshika jembe miaka hamsini mpaka mistari imefutika. Basi mkamwana akamwazima mama mkwe kidole, kijana akamwazima babu, nchi nzima ikaazimana vidole. Ila cha kuazima hurudishwa, na miaka imeshapita mingi.

Leo hii mpigie. Mwombe mjukuu aliye karibu akusomee ule ujumbe neno kwa neno, na hasa akwambie umetoka kwa nani. Kama umetoka kwenye jina lile lile linalomletea ujumbe wa pesa zake siku zote, huenda kuna mtu amekopa kweli kwa laini hiyo, maana siku hizi mitandao inakopesha kila kitu, kuanzia salio la kupigia mpaka hela ya kumalizia muamala. Kama umetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, hao ni wale jamaa wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", wamebadilisha wimbo tu. Msiujibu na msitume hata mia. Usambaze ujumbe huo kwenda 15040, namba ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imeiweka kwa ajili ya matapeli, nao watakuuliza namba iliyoutuma.

Ikiwa ni mkopo wa kweli, usikimbilie kumshuku mama. Uliza namba yake ya siri inajulikana na nani. Nimefungua simu za wazee wenzangu nikakuta namba ya siri imeandikwa kwenye kikaratasi nyuma ya betri, na kila kijana anayemsaidia bibi kutoa hela anaijua kama anavyolijua jina lake. Hiyo ibadilishwe kabla jua halijazama. Kisha na wewe piga *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na urudie kwenye laini yako ya kila mtandao. Usishangae ukikuta namba ambayo hukuwahi kuiona. Wapo vijana wa miamvuli waliokuwa na kauli yao, "weka tena kidole mama, haijasoma", na kila kidole cha pili kilikuwa kinazaa laini ya mtu mwingine. Ukiikuta ya namna hiyo, nenda duka la mtandao husika, ikafutwe.

Laini ya Handeni ihamie kwa mwenyewe. Mkienda kusalimia, apelekwe duka la huduma la mtandao wake, siyo kwenye mwamvuli, akiwa na namba yake ya NIDA, na wewe uwepo kwa sababu ndiye mwenye laini kwenye kumbukumbu zao. Hela yote iliyomo itolewe kwanza. Ila neno hili mama mkwe asilisikie kinywani mwako. Mkamwana kumwambia mama mkwe "hiyo laini ni yangu", hata ulisemee magotini, likifika kwa mashangazi litakuwa limeshaota pembe. Aseme mwanawe.

Haya, tuje kwenye bando.

Mimi nilikuwa opereta wa simu Tanga, enzi za Posta na Simu, posta na simu zikiwa bado shirika moja. Nyumba zenye simu zilihesabika. Simu ilikaa sebuleni juu ya kistuli, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kwenye lile duara la kuzungushia namba baba mwenye nyumba ametia kufuli dogo. Asubuhi anaondoka na ufunguo mfukoni. Mwisho wa mwezi inakuja ankara, na ndani yake kuna simu za mbali zisizo na mwenyewe. Mama hajapiga. Watoto hawajapiga. Baba anafoka, mpishi analia. Sisi tulioketi kwenye ubao wa kuunganishia simu tulijua siri: watoto walikuwa wanagonga kile kitufe cha kukatia simu, haraka haraka, mara tatu kwa tatu, mara tano kwa tano, na simu inaita bila duara kuguswa. Kufuli lilikuwa linamzuia baba peke yake, siku akisahau ufunguo ofisini.

Kwa hiyo niliposoma kwamba umebadilisha nywila na bado hujui aliyekula GB 7, nililiona lile kufuli. Umetafuta mwizi kabla ya kutafuta panapovuja. Na panapovuja umepaandika mwenyewe, katikati ya barua, bila kupaona: hotspoti "imewashwa kama kawaida", na televisheni mpya.

Video ikichezwa kwenye simu kwa bando, mara nyingi simu inapunguza ubora wa picha, na hata isipopunguza kioo ni kidogo. Televisheni haina huruma hiyo. Haijui kama nyuma yake kuna simu ya mama yenye bando la wiki. Inachoona ni waifai, na waifai kwake ni kisima kisicho na mwisho, kwa hiyo inavuta picha safi kadiri inavyoweza kujaza kile kioo kikubwa. Netflix wenyewe huwaambia wateja wao kwamba picha ya HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa, wakati ya ubora wa chini kabisa hula kama GB 0.3. Tofauti ni mara kumi, kwa sinema ile ile. Na katuni za YouTube hazina mwisho, moja ikiisha nyingine inajianzisha, na mtoto wa miaka minne hajawahi kusema "basi, nimeshiba".

Piga hesabu. Saa moja mpaka saa tano kasoro ni karibu saa nne. Hata tukisema ilikula GB moja na nusu kwa saa, tayari ni karibu GB 6. Kilichobaki kingeweza kumalizwa na kompyuta ya wifi. Hakukudanganya, kuandika hakuli bando. Lakini kompyuta za siku hizi zikiona waifai zinaanza kujivutia masasisho kimya kimya, na mwenyewe yuko kwenye aya ya pili ya kazi yake wala hana habari.

Usichukue neno langu tu. Fungua mipangilio ya simu yako, penye matumizi ya data. Utakuta kila programu na ilichokula, na hotspoti ina mstari wake peke yake. Angalia ule mstari, halafu mwite mume wako auangalie na yeye.

Sasa, hotspoti ya simu ya biashara izime. Siyo kubadilisha nywila, kuzima. Ungekuwa na fremu Kariakoo usingekubali kila mwenye njaa nyumbani aingie akate mita mbili za kitenge akauze apate nauli. Simu hiyo ndiyo fremu yako, na umeiacha wazi kutwa nzima ili Jumamosi ipite kwa amani. Mtoto kama ni katuni, na king'amuzi mnacho, kina chaneli za watoto ambazo hazigusi bando. Akibanwa na zile za YouTube, punguza ubora wa picha mpaka 360 au 480 na uzime kule kujiendeleza kwa video. Katuni ni katuni, hana haja ya kuhesabu manyoya ya paka. Kompyuta ya wifi, ikiwa ni ya Windows, ina mahali kwenye mipangilio ya waifai pa kuiambia kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Mwombe aiwashe hiyo. Ataokoa bando hata akiwa kwa rafiki zake.

Na kundi lako la wateja mia mbili na kitu, nalo linakula. Kila anayetuma video ya kwaya, ya msiba, ya "asubuhi njema" yenye maua yanayofunguka, simu yako inaweza kuipakua hata usipoifungua, ikiwa imeruhusiwa kwenye mipangilio. Kwenye mipangilio ya WhatsApp, penye hifadhi na data, zima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja. Picha za wateja utazigusa mwenyewe unazozitaka. Maua yatabaki huko huko.

Juu ya hela, kuna kitu sikukipenda kwenye hesabu yako, na usinikasirikie. Umeandika 58,000 kwa uangalifu sana, lakini ni za mfuko mmoja katika nyumba yenye mifuko mingi. Za mume hazimo. Buku ya kila siku ya wifi hazimo, na buku kwa siku ni 30,000 kwa mwezi. Binti aliye macho saa saba usiku anatumia bando la nani? Zamani ankara ilikuwa moja, inakuja kwenye bahasha, baba anaisoma kwa sauti na wote wanasikia aibu pamoja. Siku hizi inalipwa jero jero, kwenye mifuko tofauti, na hakuna siku yoyote inapokaa mezani ikiwa nzima. Ndiyo maana mume anaweza kusema 70,000 ni kuongeza gharama. Kwa nini asiseme? Hajawahi kuiona gharama iliyopo.

Wekeni daftari sebuleni wiki moja. Moja tu, msijifanye benki. Kila anayejiunga anaandika jina, kiasi, na alipokuwa: nyumbani au nje. Aanze mume, hiyo ni sharti, na usimwendee na 58,000 zako kama hati ya mashitaka. Mwambie unataka kujua kama ruta inalipa au hailipi. Bando lake ni la kazi kweli, fundi asiyepatikana kwa simu hana kazi, kwa hiyo usimuulize anaongea na nani. Muulize kiasi. Na usije ukawacheka wanaonunua buku buku kwa kuwa GB ya buku ni ghali kuliko GB ya mwezi. Wanajua. Hela inayoingia kwa siku hutoka kwa siku, hata mafuta ya kula tunayapima kwa kibaba.

Kile kipengele cha nyumbani au nje ndicho kitakachoamua habari ya wakala. Ruta haimfuati mume Mbezi wala haikufuati wewe Kariakoo. Kwa hiyo usidanganyike kwamba ukiifunga bando litakuwa sifuri. Utabaki na lako la njiani, tuseme 15,000, na la mume litabaki karibu lilivyo. Lakini 58,000 zako na 30,000 za wifi ni 88,000, na hapo binti hatujamhesabu. Ruta ya 70,000 na 15,000 zako za njiani ni 85,000, na televisheni itacheza bila mtu kushika moyo. Kwa tarakimu hizi mnakaribia kulingana. Daftari likionyesha kwamba mengi yanaliwa ndani, mimi naelekea kwa wakala.

Kabla ya kumpa hela muulize mambo yafuatayo na asikuzungushe. Kufunga ni kiasi gani, na ruta ni yenu au yao? Mko nyumba ya kupanga, mkihama mwezi wa nne, mnaondoka nayo? "Bila kikomo" yao ina kikomo kilichojificha, yaani mkishatumia kiasi fulani kasi inashuka mpaka mwezi uishe? Wengi wanayo hiyo, wameiandika chini kwa herufi za kuchokonoa kwa miwani. Na huduma ikikatika siku kadhaa, siku hizo zinafidiwa? Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na huku kwetu mtandao ukasuasua kwa siku kadhaa, mwenye ruta na mwenye buku wakalia pamoja. Kumbuka pia ruta inakula umeme. LUKU ikiisha, na intaneti imelala.

Kwa jirani usiende. Najua 15,000 zinavutia. Kampuni nyingi haziruhusu mteja wa nyumbani kuwauzia wengine huduma, kwa hiyo anaweza kukatiwa siku yoyote na wewe umeshalipa, na hutakuwa na wa kumdai. Lingine, kila kitakachofanywa na watoto wako kwenye mtandao huo kitaonekana kimefanywa nyumbani kwake, na wewe umeshaona kwenye habari ya Handeni ladha ya kutumia mtandao kwa jina la mtu. Lakini mimi hasa naogopa siku mtoto wako atakapomrushia wake jiwe. Jioni hiyo nywila itabadilika. Huyo ni jirani wa msiba na wa sukari ya kuazima, mwache abaki hivyo.

Wifi yako ana haki kidogo hapa, ingawa njia aliyopita si nzuri. Ulimfungia mlango usiku bila kumwambia, na yumo ndani. Mkae watatu, wewe, yeye na kaka yake, apangiwe kiasi chake cha mwezi kinachojulikana, kitoke kwa kaka yake waziwazi, na akikimaliza tarehe kumi amekimaliza. Chuo kama kina mtandao wake, mihadhara na vitabu avipakue huko huko. Buku za kisirisiri ziishe, siyo kwa sababu ya buku, ila kwa sababu mume wako ameanza kukuficha kitu kidogo ndani ya nyumba na wewe umeanza kumpeleleza.

Binti usimnyang'anye. Simu zote za nyumba zilale sebuleni kwenye chaji kuanzia saa tatu usiku, na ya kwako iwe ya kwanza. Usiniambie habari ya wateja. Hakuna anayenunua kitenge saa saba za usiku.

Nimemwacha dada wa mwisho. Rudi kwenye barua yako uone ulivyoandika: alikwambia ana kitochi na simu yako hajui kuifungua. Kitochi hakipigi simu ya video. Simu yako ilikuwa chumbani kwenye chaji, na yeye alikuwa uani anafua nguo zenu, na hotspoti iliwashwa ili yeye afue. Yeye hakuwa karibu na hizo GB, na katika watu saba wa nyumba hiyo ndiye pekee uliyemfokea. Mwite peke yake, siyo mbele ya watoto, umwombe radhi kwa neno lenyewe, usizunguke. Na kwenye mapatano ya mshahara wake ongeza vocha kila wiki awapigie kwao Singida. Ya wiki hii mnunulie leo.